Popo, mtumbwi, chungu na mtu aliyelala tumbo chini: vyote tuviite "kifudifudi"?

Mwalimu wa Kitomanga anauliza:

Habari za jioni, wadau wa lugha. Nafundisha darasa la tatu huku Lindi vijijini na ninaandaa kadi za picha za kubandika ukutani. Kila kadi ina mchoro mmoja na sentensi fupi chini yake. Seti ninayoishughulikia sasa ni ya vitu vilivyogeuka: popo kwenye tawi la mwembe, mtumbwi ulio mchangani tumbo lake likitazama mbingu, chungu kilichowekwa mdomo chini, mtu aliyelala tumbo chini, kasa aliyelala mgongo chini, na mtoto aliyeshika kitabu vibaya hata maandishi yakasimama kwa kichwa.

Nilitaka neno moja lipite kwenye kadi zote ili watoto walishike. Mwenzangu wa darasa la nne anasema neno ni "kifudifudi", ndicho Kiswahili fasaha cha hali hiyo. Mwingine anasema tuandike "juu chini" kila mahali tumalize kazi. Mimi nikisoma "popo amelala kifudifudi" sikio langu linakataa, lakini sina hoja ya kumpa mwenzangu zaidi ya kusema halisikiki vizuri, na hiyo siyo hoja ya kumpa mwalimu.

Nikaamua kuwauliza watoto wenyewe. Nilichora chungu ubaoni, mdomo chini. Wengi walisema "kimepinduliwa". Binti mmoja anayekaa mbele akasema "kimefudikizwa", ndivyo bibi yake anavyosema. Hapo kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sikukuu ya Mapinduzi tunaambiwa serikali ilipinduliwa. Mbona haikufudikizwa?" Wenzake walicheka. Mimi niliona ni swali zuri sana, nikamwahidi jibu.

Naomba mnisaidie, hasa nyinyi wa pwani yetu hii ya kusini ambao maneno haya mnayatumia kazini. Nataka watoto hawa wapate Kiswahili kinachosemwa kweli.

---

Fundi wa Mikindani anajibu:

Mwalimu, umeuliza jambo ambalo nalishika kwa mikono kila siku, maana kazi yangu ni mitumbwi na mashua hapa Mikindani. Niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Neno moja usilitafute. Kiswahili kabla hakijakupa neno kinataka kujua mambo mawili: ni upande gani uliokwenda chini, na je, kuna mkono uliokigeuza kitu hicho au kimegeuka chenyewe. Ukishajibu hayo, neno linakuja.

Chukua mtumbwi wako wa kwenye kadi. Mimi nikiuona vile nasema umefudikizwa. Kuna mtu kaugeuza, kauegemeza juu ya magogo, anakwangua magamba yaliyoota chini, anakalafati nyufa kwa pamba, na akimaliza atapaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Sasa mtumbwi uleule, katika mkao uleule, ukiwa nje ya ghuba na mawimbi yanaupiga, huo umepinduka. Mtu akipita hapa mtaani akisema mtumbwi wa fulani umefudikizwa pale chini ya mkungu, hakuna anayeacha shughuli yake. Akisema umepinduka, kila mwenye ndugu baharini anasimama. Kwa hiyo ukiwaandikia watoto wa pwani "mtumbwi umepinduka" chini ya picha ya mtumbwi uliotulia mchangani, umewapa habari ya msiba ambayo picha haina.

Angalia pia mwisho wa kitenzi. Kupindua ni kazi ya mtu, kupinduka ni jambo limetokea. Lakini kufudikiza siku zote kuna mtu nyuma yake. Tangu nikiwa mdogo nakaa na wavuvi, na sijasikia hata mmoja akisema upepo umekifudikiza chombo. Upepo hupindua. Kufudikiza kunataka kusudi.

Mashua kubwa nayo haifudikizwi, nani ataiinua? Tunangoja maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, tunaipandisha juu kadiri maji yanavyoruhusu, maji yakipwa inakaa mchangani. Hapo tunailaza ubavu na kuitegemeza kwa magadi, yaani miti ya kuegemezea chombo, tunafanya kazi upande mmoja mpaka maji yarudi, kisha tunageukia upande wa pili. Wanafunzi wako wanaotoka kando ya bahari wameshaona magadi, waulize watakueleza.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ni jambo la uhai. Wafundishe watoto kwamba kupinduka si kuzama. Chombo cha mbao kikipinduka kwa kawaida hakiendi chini. Mbao inaelea, utaona tumbo lake na mkuku, yaani uti wa mbao unaopita chini ya chombo, nje ya maji. Waliomo wanatakiwa wakishike na wakae nacho. Mtu anayekiacha chombo kilichopinduka akaogelea kuelekea pwani kwa sababu anaiona karibu anajitia hatarini mara mbili: pwani huwa mbali kuliko jicho linavyoonyesha, na kichwa cha mtu mmoja majini hakionekani kwa wanaotafuta, wakati tumbo la chombo linaonekana kutoka mbali. Kama ni chombo cha tanga, tanga lililojaa maji ni zito kuliko watu wote waliomo, kwa hiyo kabla ya kujaribu kukirudisha lazima lilegezwe kwanza. Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ndio haya yanapotokea sana huku kwetu. Na kabla chombo hakijapinduka kinaanza kwenda mrama, kinalalia upande huu kisha upande ule, nahodha anakisikia miguuni. Kwenda mrama, kupinduka, kuzama: maneno matatu, na kila moja lina amri yake ya kufanya. Ukiyachanganya, anayeletewa habari hajui abebe kamba au abebe sanda.

Sasa kifudifudi. Hilo ni la mwenye uso na tumbo. Mtu amelala kifudifudi: uso chini, tumbo chini. Utasikia pia kifulifuli, ni lilelile. Kinyume chake ni chali, au kichalichali, na wazee wengine husema kingalingali. Akilala upande, kalala ubavu. Kadi ya mtu basi imemalizika, mwenzako wa darasa la nne yuko sawa kabisa kwa kadi hiyo.

Lakini mpeleke kwenye kadi ya kasa umwone. Kasa siku zote yuko kifudifudi! Ndivyo alivyoumbwa, anaogelea hivyo, anapanda mchanga hivyo kutaga, anarudi majini hivyo. Tumbo chini kwake ndiyo sawasawa. Kilichogeuka kwa kasa ni kulala chali. Na huyo wa kwenye kadi yuko taabuni, kwa sababu mapafu ya kasa yapo chini ya gamba la mgongo, akilazwa chali viungo vingine vyote vinayakandamiza, na wengi hawawezi kujigeuza wenyewe mchangani. Watu wa zamani waliowavua walijua, ndiyo maana waliwageuza kwanza. Sasa hivi kasa analindwa na sheria, na kule Msimbati yuko ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kadi yako iseme kasa amegeuzwa chali, na uwaambie watoto wakimkuta hivyo wamwite mtu mzima amrudishe.

Popo hana habari na kifudifudi wala chali, maana hakulalia kitu. Ananing'inia kichwa chini, basi. Kitabu hakina uso kwa maana hii wala mdomo, kina upande wa juu na upande wa chini wa maandishi, kwa hiyo hapo "juu chini" ndipo mahali pake: mtoto ameshika kitabu juu chini.

Kuhusu kijana wako. Mwambie Fundi wa Mikindani kalipenda swali lake. Chungu unakifudikiza ili kikae vizuri: kikauke, vumbi lisiingie, mjusi asitumbukie. Kesho unakiinua ni chungu kilekile kwa kazi ileile. Ndoo yenye maji ukiipindua, kilichokuwamo kimemwagika, hukizoi. Zanzibar tarehe 12 Januari 1964 utawala wa Sultani uliondolewa na haukurudi. Mimi ndivyo ninavyolielewa neno Mapinduzi: waliokuwa juu walikwenda chini na yaliyokuwamo yakamwagika. Serikali iliyofudikizwa ingekuwa serikali iliyowekwa kando ili itumike tena kesho.

---

Mama Ufuta, Lindi mjini anajibu:

Mwalimu pole na kazi. Fundi amesema kweli na mimi nailetea ushahidi wa jikoni.

Napika mikate ya ufuta kwa ajili ya kuuza asubuhi. Ufuta wenyewe wa hapa kwetu Lindi, huna haja ya kuutafuta mbali. Unga wa ngano, tui, hamira, chumvi, yai, kinyunya kinakuwa laini cha kuvutika. Kikaango ni cha chuma na hakipakwi mafuta, hapo ndipo penye siri. Unatandaza kinyunya kwa mkono uliolowa maji, kinashika kwenye chuma. Upande wa chini ukianza kuiva unanyunyizia ufuta juu, halafu unakishika kikaango kwa mpini na kukifudikiza juu ya makaa, uso wa mkate unatazama moto. Mkate hauanguki kwa sababu umekwisha kushika. Unakizungushazungusha mpaka ufuta unukie na uso uwe na rangi. Ukipaka mafuta mwanzoni, mkate wote utaukuta jivuni.

Sasa sikiliza maneno, Mwalimu. Binti anayenisaidia nikimwambia "geuza", anachukua mwiko, anajua nasema chapati: upande wa chini uje juu, kikaango kikae palepale. Nikimwambia "fudikiza", anashika mpini, kikaango chenyewe ndicho kinachogeuka. Nikimwambia "usije ukapindua", anajua nazungumzia sufuria la mchuzi, aondoe mguu karibu na jiko. Hajawahi kuchanganya na hajafundishwa na mtu darasani.

Na kile chungu chako, tafadhali kiandike "kimefudikizwa", yule binti wa mbele na bibi yake wamepata. Bwana afya akipita nyumbani huangalia kama una kichanja cha kuanikia vyombo, na akikuta sufuria na vikombe vimekaa mdomo juu vinangoja vumbi na inzi, anakuambia vifudikize. Ni neno la afya pia hilo, watoto walijue mapema.

Kuku mwenye vifaranga tunamfudikizia tenga asichukuliwe vifaranga na mwewe. Mwalimu ukipata nafasi chora kadi hiyo, watoto wataipenda kuliko ya mtu aliyelala.

---

Mkunga wa Newala anajibu:

Shikamoo Fundi, shikamoo Mama Ufuta. Mwalimu, hongera kwa kujali jambo hili, mimi kazini kwangu linanikuta kila wiki.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba "kichwa chini" lisifundishwe kana kwamba siku zote ni hali mbaya. Mama mjamzito anakuja kliniki, namshika tumbo, namwambia mtoto yuko kichwa chini. Nimeona wakina mama wakibadilika sura, wanadhani mtoto amepinduka huko ndani. Kumbe hiyo ndiyo habari njema! Mtoto anatakiwa atangulize kichwa. Mimba ikiwa changa anageukageuka anavyotaka, ana nafasi, na kufikia wiki ya 36 hivi wengi wameshatulia kichwa kikiwa chini. Anayebaki amekaa, kichwa juu, huyo ndiye tunayemwandikia maelezo na kumpa mama rufaa mapema, maana atatanguliza makalio au miguu. Nimejifunza kusema hivi: "Mtoto ameshageuka vizuri, anatanguliza kichwa." Nikianza na "ameshageuka vizuri", mama anashusha pumzi kabla sijamaliza sentensi. Neno "kupinduka" silitumii kabisa chumba kile.

Akishazaliwa maneno ya Fundi yanarudi yote. Mtoto mchanga alazwe chali. Siyo kifudifudi, na siyo ubavu kwa kuegemezwa na mito, maana anaweza kujiviringisha akaziba pua. Bibi zetu wengi wanampenda kifudifudi kwa sababu anaonekana analala usingizi mzito na gesi inatoka, nami nawaheshimu, lakini kwa hili nasisitiza: akilala, chali. Akiwa macho na wewe umekaa naye, mweke kifudifudi kidogo juu ya mkeka, anyanyue kichwa, shingo na mabega vinapata nguvu. Miezi minne, mitano, sita, utamsikia mama anasema kwa furaha mtoto wake ameanza kujipindua. Umeona, Mwalimu, hapo kujipindua ni sherehe. Ni ile "ji" iliyobadilisha mambo: mwenyewe ameamua.

Kadi ya mtu aliyelala kifudifudi, kama utaweza, mchoraji amchore mtu mzima. Asichore mtoto mchanga amelala hivyo, kwa sababu kadi ya ukutani inafundisha hata lisiloandikwa.

---

Dereva wa Ruangwa anajibu:

Wakuu nawaheshimu wote, ila naona mnamzidishia Mwalimu mzigo. Darasa la tatu! "Juu chini" inaeleweka na kila mtu kuanzia Kilwa mpaka Masasi. Popo yuko juu chini, mtumbwi uko juu chini, kitabu kiko juu chini. Mtoto ataelewa, maneno mengine atayakuta mbele ya safari.

Hata hivyo nakubali kwamba barabarani nasi tunatofautisha. Gari likiacha njia likaegemea mtaroni, limelala ubavu. Likiwa matairi yanatazama juu, limepinduka. Likijizungusha zaidi ya hapo tunasema limepiga kichwangomba, kama mtoto anavyopiga kichwangomba mchangani. Na anayekupigia simu akisema "limelala", unauliza kwanza ubavu gani, kwa sababu ukijua mlango uko upande gani unajua watu watatokea wapi.

Mwalimu, nina ombi moja la picha. Nabeba korosho msimu mzima, na kuna siku niliona mfuko wa korosho umechorwa bibo limening'inia na korosho imekaa juu yake, karibu na tawi. Huyo mchoraji hajawahi kusimama chini ya mkorosho. Korosho inaning'inia chini ya bibo. Mchoro ule ndio ulio juu chini! Je, na hiyo unaweza kuiweka kwenye kadi?

---

Fundi wa Mikindani anajibu:

Dereva, "juu chini" sijalikataa, nimeliwekea kitabu. Pia linafaa kwa bango, ramani, saa ya ukutani, picha iliyotundikwa vibaya. Linafaa pale ambapo kitu kina juu yake inayojulikana na kila mtu na hakina kingine cha kusema. Tatizo ni unapolitumia kwa mtumbwi na kwa kasa. Umesema kweli, lakini umeacha habari kubwa kuliko uliyoitoa. Wewe mwenyewe unayepokea simu huridhiki na "limelala" mpaka uambiwe ubavu gani. Mtoto wa darasa la tatu naye asiridhike. Miaka tisa ni umri wa kwenda na baba yake baharini.

Meza na kiti nimevisahau. Hivyo tunasema vimepinduliwa miguu juu. Tunaitaja miguu kwa sababu meza ikilala ubavu nayo imepinduka, msikilizaji hawezi kujua.

Hilo la korosho nimelipenda mno. Mwalimu, iweke.

---

Mwalimu wa Kitomanga anajibu:

Shikamooni nyote, na asanteni sana. Nimesoma uzi huu kwa sauti mbele ya mwenzangu wa darasa la nne. Kwenye kasa alinyamaza, akasema "endelea". Tumekubaliana.

Kijana wangu nimempa jibu la Fundi asubuhi hii. Alifikiri, akasema: "Kwa hiyo ndoo tupu ukiigeuza, hujaipindua?" Nikamwambia inategemea umeigeuza kwa nini, na hapo darasa zima likaanza kubishana. Niliwaacha wabishane mpaka kengele ikagonga.

Sentensi za kadi nimeziandika hivi, naomba mzipitie kabla hazijapelekwa kuchapwa:

Popo analala akining'inia kichwa chini. Hapa nitawaeleza jambo ambalo watoto huuliza kila mara, mbona haanguki akisinzia: kano za vidole vyake zinakazwa na uzito wa mwili wake mwenyewe, kwa hiyo anavyolegea ndivyo kucha zinavyoshika. Kuachia ndiko kunakotaka nguvu.

Mtumbwi umefudikizwa, fundi anaukalafati.

Mama amefudikiza chungu kichanjani.

Mjomba amelala kifudifudi. Nimechagua mjomba, mtu mzima, kama Mkunga alivyoagiza.

Kasa amegeuzwa chali, tumsaidie.

Amina ameshika kitabu juu chini.

Korosho inaning'inia chini ya bibo. Hii ni mpya, kwa heshima ya Dereva. Nitaweka michoro miwili pamoja, mmoja sahihi na mmoja kama ule wa kwenye mfuko, watoto waseme upi umegeuzwa. Nitawaambia pia kwamba korosho ndiyo tunda lenyewe hasa, na bibo ni kikonyo kilichovimba kikawa na maji na utamu. Nina watoto ambao wazazi wao wanaokota korosho kila msimu na hawajawahi kuambiwa hilo.

Kadi ya mtumbwi baharini nimeamua kuiongeza, kwa ajili ya kile alichosema Fundi. Watu wawili wameshika tumbo la chombo, mkuku uko nje ya maji. Nimeandika: "Mtumbwi umepinduka. Wameushika, hawauachi." Fundi, nimepatia?

---

Fundi wa Mikindani anajibu:

Umepatia, Mwalimu. Kuna kitu kimoja tu, mtumbwi wa gogo hauna mkuku, chini ni mviringo. Ukitaka mkuku uonekane, mchoraji achore mashua ndogo na uandike "mashua imepinduka". Ukitaka kubaki na mtumbwi, aufute huo mkuku, watoto wa wavuvi wataliona hilo kabla hawajasoma sentensi. Mimi ningechukua mashua, ina mahali pa kushika. Na mtu wa tatu mwongeze, ameinua shati lake juu analipunga, maana watakaokuja kuwaokoa lazima wawaone.